Karatasi ya Chifu Haiuzi Shamba

Mzee mmoja alikuja ofisini kwetu kuandikishwa kwa mbolea ya ruzuku. Nilipokwisha kuandika jina lake hakuondoka. Alitoa mfukoni karatasi iliyofungwa ndani ya nailoni akaniomba nimsomee, ingawa alikwisha kuijua neno kwa neno. Yalikuwa mapatano ya kununua ekari mbili. Muuzaji ametia sahihi, mnunuzi ametia kidole, mashahidi ni wanne, na chini pana muhuri wa chifu. Kwa miaka kumi na mmoja mzee huyu amelima mahindi na viazi katika ekari hizo, tena amejenga nyumba ya mabati. Sasa muuzaji amekufa, na wanawe wamemwambia ahame. Akaniuliza, "Mwalimu, muhuri huu si wa Serikali?"

Muhuri ni wa Serikali kweli. Lakini chifu hana mamlaka ya kuruhusu shamba liuzwe. Alilofanya ni kushuhudia kwamba watu wawili walipatana mbele yake, basi. Najua wengi wenu mnazo karatasi kama hiyo sandukuni, kwa hiyo someni haya kwa makini.

Ruhusa ya kuuza shamba hutolewa na Bodi ya Ardhi, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967. Mwenyekiti wake zamani alikuwa D.C. au D.O.; siku hizi ni naibu kamishna wa kaunti. Pamoja naye hukaa maofisa wachache na wakazi wa mahali pale, na wengi wao ni wakulima kama ninyi. Sheria yasema kwamba kuuza, kukodisha, kuweka rehani, kubadilishana au kugawanya shamba bila idhini ya bodi ni bure kabisa. Maana yake, machoni pa sheria hapakuuzwa kitu, hata kama fedha zimelipwa zote na mbuzi amechinjwa. Hali ni hiyo hiyo kwa hisa za kampuni ya binafsi au chama cha ushirika chenye shamba, na hapa Nakuru tunazifahamu vizuri hisa hizo tangu mashamba makubwa yalipoanza kununuliwa kwa vikundi. Sheria hii ni ya ardhi ya kilimo. Ploti za mjini ni jambo jingine.

Tena kuna muda. Ombi la idhini lazima lipelekwe bodini kabla ya miezi 6 kupita tangu siku ya mapatano. Mzee wangu alikuwa na miezi 6, akaitumia kung'oa visiki.

Sasa nafika mahali ambapo watu hunikatalia barazani. Wao hudhani shauri la namna hii ni ugomvi wa shamba tu. Sivyo. Kifungu cha 22 chasema kwamba mtu akilipa fedha au kupokea fedha, au akiingia shambani au kuendelea kukaa humo, kwa ajili ya mauzo yaliyokosa idhini, ametenda kosa la jinai. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili. Angalieni kwamba sheria haimtaji muuzaji peke yake. Aliyepokea na aliyetoa wote wamo, naye aliyejenga nyumba ya mabati yumo. Siku hizi shilingi 3,000 si fedha za kumtisha mtu, nakubali. Lakini mtu anayekwenda kortini kudai shamba huku yeye mwenyewe amevunja sheria huanza shauri lake akiwa nyuma.

Aliyelipa anaweza kudai fedha zake kama deni. Lakini hudai zile alizolipa, na bei ya ekari ya miaka kumi na mmoja iliyopita haiwezi leo kununua hata robo ekari upande wa Njoro au Bahati. Wako waliowahi kuokolewa na majaji, kwa hoja kwamba muuzaji aliyekula fedha na kumwacha mnunuzi alime amekuwa kama mdhamini wake. Wako pia walioambiwa sheria ni sheria. Katika mwaka mmoja, 2014, Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu za namna zote mbili. Je, utauza ng'ombe wangapi kumlipa wakili ili ujue yako itaangukia upande gani?

Baadhi yenu husema bodi iliwekwa kuwasumbua maskini. Mimi sioni hivyo, ingawa safari za bure kwa sababu kikao kimeahirishwa nazijua. Bodi inaweza kukataa ikiwa bei inamdhulumu mmoja wao, au mnunuzi ana ardhi ya kumtosha tayari, au vipande vitakuwa vidogo hata visizae vema. Wazee waliopewa mashamba katika mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza mwaka 1962, walipimiwa ardhi ya kuitunza jamaa nzima. Nimeona shamba kama hilo likimalizika nusu ekari nusu ekari, baba akiuza kilabuni, na mama akipata habari siku anapoona mtu mgeni akipiga ua. Siku hizi bodi humtaka mke aje mwenyewe aseme amekubali, na Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yakataza mali ya ndoa kuuzwa bila idhini ya wote wawili.

Kama shamba lako lina deni la makazi, anzia ofisi ya makazi kabla ya kwenda bodini. Na wewe mnunuzi, kabla ya kutoa hata shilingi moja, nenda kwa Msajili wa Ardhi utafutiwe namba ya shamba katika daftari. Hapo utajua mwenye shamba ni nani, ukubwa wake, na kama lina rehani au zuio. Anayejifanya mwenye shamba ili akutoe fedha ameingia kosa jingine, la kujipatia fedha kwa udanganyifu, ambalo kifungo chake hufika miaka 3.

Wana wa marehemu nao wasicheke. Kuuza kipande cha shamba la baba kabla korti haijatoa hati ya kusimamia mirathi ni kosa pia, na adhabu yake hufika faini ya shilingi 10,000 au kifungo cha mwaka 1, au vyote viwili.

Yule mzee nilimwambia mambo mawili. Kwanza, Mahakama ya Mazingira na Ardhi pale Nakuru inaweza kuombwa iongeze ile miezi 6 ikiona sababu ya kutosha, na apate wakili wa kumwandikia. Pili, kabla ya wakili, amwendee mjane wa muuzaji, kwa sababu wana hawawezi kufanya neno bila mirathi, na mama huyo alikuwapo siku fedha zilipohesabiwa. Mashahidi wawili kati ya wanne bado wako hai. Alirudisha karatasi ndani ya nailoni, akaniuliza gari la Molo huondoka saa ngapi.