Filimbi Inayosubiri

Katika soka, mwamuzi akiona faulo huku timu iliyochezewa ikiwa bado na nafasi nzuri, hunyoosha mikono mbele na mchezo ukaendelea. Uwanja mzima unaelewa kwamba ameona. Mpira wa kikapu hauna ishara hiyo. Mwamuzi akiamua mguso upite, anauacha kimya kimya, na mtazamaji wa Choma, wilayani Igunga, aliyekulia kwenye soka, anadhani refa amelala. Kelele nyingi za pembeni mwa viwanja vya shule zinaanzia hapo.

Sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, zinamwagiza mwamuzi atumie akili. Kifungu cha 47 kinamtaka apime dhamira ya sheria, aangalie kama mguso umempa mmoja faida au umemharibia mwenzake, kisha atumie busara ya kawaida kulingana na uwezo wa wachezaji alionao siku hiyo na mwenendo wao. Hayo maneno ya mwisho, kuhusu uwezo wa wachezaji, wengi huyapita haraka. Mimi naona ndiyo moyo wa kazi, hasa kwenye michezo ya shule.

Chukua mechi ya wasichana wa kidato cha pili kwenye uwanja wa udongo, mistari ya chokaa. Wengi wao walianza na netiboli. Kule mkabaji hukaa umbali wa sentimita 90. Huku anaruhusiwa kukusogelea hadi usikie pumzi yake. Msichana akibanwa hivyo hushtuka, anaukumbatia mpira, na mguu wa egemeo unateleza kidogo kwenye vumbi. Kwa herufi ya sheria ametembea na mpira. Lakini hajampita mtu wala hajajipatia nafasi ya kurusha. Ukimpulizia kila anapoteleza, robo ya kwanza itaisha bila pasi tatu mfululizo kupigwa. Neno moja linatosha: "Tuliza mguu, mwanangu." Kosa hilohilo kwenye fainali za kitaifa za UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, kama zile zilizofanyika Tabora mwaka 2022, napuliza bila kusita, maana pale wanacheza waliochaguliwa na kufundishwa.

Mvulana aliyetoka kwenye soka naye huja na bega. Amezoea kwamba bega kwa bega, mkigombea mpira, ni halali. Hapo silegezi, hata mchezaji awe mgeni kiasi gani, kwa sababu mguu ulioteleza haumwondoi mtu mahali pake, ila bega linamwondoa. James Naismith alipoandika sheria 13 za kwanza huko Springfield, Marekani, mwaka 1891, alilitaja bega waziwazi pamoja na kushika, kusukuma na kupiga ngwala. Mgeni apigiwe faulo mapema, aelezwe kwa sauti ya upole, na ajifunze kabla hajafikisha faulo tano akatoka.

Kuna mguso mwingine unaozua ugomvi zaidi. Mlinzi amesimama mahali pake, mikono juu, wima. Mshambuliaji anaruka na kumwangukia kifuani. Watu wanapiga kelele za "faulo!" wakimlaumu mlinzi kwa sababu mrushaji ndiye aliyeanguka. Sheria inampa kila mchezaji haki ya nafasi anayoisimamia na anga iliyo juu yake. Aliyeivamia anga hiyo ndiye mwenye kosa, hata kama ndiye anayelala chini.

Kusubiri kwenyewe kabla ya kupuliza ni kwa kitambo kifupi sana. Mkono umegusa kiuno katikati ya uwanja: je, mwenye mpira amepoteza mwendo au amepita? Akipita, filimbi ibaki mdomoni. Ukiipuliza umemwadhibu aliyechezewa, kwa kuwa mpira unakufa papo hapo na shambulizi lake limekwisha. Kanuni ya kutokaa zaidi ya sekunde tatu ndani ya eneo la chini ya kikapu nayo ina njia yake: mchezaji aliyesahau kisigino kwenye mstari, mpira ukiwa upande mwingine kabisa, aambiwe atoke. Aliyejipanga mbele ya kikapu akisubiri pasi ahesabiwe kama kawaida.

Kipo kisichopimwa kwa busara. Mpira uliotoka nje umetoka. Kikapu cha mpira ulioachwa mkononi baada ya muda kuisha hakihesabiwi, hata timu ikiwa nyuma kwa pointi moja na wazazi wamesimama. Na mtu akiingiza mguu chini ya mrushaji aliye hewani, nampulizia katika daraja lolote la mchezo. Kifundo cha mguu kikigeuka, kijana anaweza kukosa msimu mzima.

Kwa hiyo walimu wa michezo wanaosomea uamuzi wasiishie kwenye mtihani wa kitabu. Wapewe mechi za vidato vya chini, na kila robo inapoisha waulizwe filimbi kwa filimbi: nani alipata faida, nani aliumizwa, na katika robo ya kwanza tukio kama hili uliliamuaje?