Dayari ya Tawi: Yanayorudi Yaandikwe Mara Moja

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika chama cha wafanyakazi mali yetu ya kwanza siyo fedha, ni siku. Sheria humpa mfanyakazi haki, na mara nyingi humpa pamoja na tarehe ya mwisho. Tarehe ikipita, ile haki inakuwa kama tiketi ya basi lililokwisha ondoka: unayo mkononi, lakini haikufikishi popote.

Tunapozungukia matawi, huwa tunaomba kuona dayari ya katibu. Mara nyingi tunakuta dayari za namna mbili. Ya kwanza imeandikwa vizuri mpaka mwezi wa pili, kisha kurasa ni tupu mpaka Desemba. Ya pili imejaa pomoni. Kila Jumatatu imeandikwa "kikao cha kamati", kila Ijumaa "kukagua usalama", na kila mwezi maneno yale yale. Katibu amenakili mpaka mkono umechoka, na jambo lile moja la maana limefichika katikati.

Ndivyo ilivyotokea katika tawi moja la mashamba. Mchuma chai aliachishwa kazi, na tarehe ya mwisho ya kupeleka lalamiko lake iliandikwa katika dayari. Lakini iliandikwa kwa wino ule ule, chini ya mistari mitano ya kila wiki ambayo macho yalikwisha izoea. Hakuna aliyeiona mpaka ilipopita. Katibu yule hakuwa mvivu. Aliandika kupita kiasi.

Kwa hiyo leo tunaeleza njia ya kuandika kidogo na kuona zaidi.

HESABU YA KUNAKILI

Tuchukue tawi la kawaida. Kikao cha kamati ni kila wiki: mara 52 kwa mwaka. Ukaguzi wa usalama kazini ni kila wiki: mara 52 nyingine. Halafu kuna mambo manne ya kila mwezi: kuhakiki ada za wanachama, kuonana na mwajiri, kupeleka ripoti makao makuu, na kuangalia kama michango ya NSSF imelipwa. Manne mara 12 ni 48. Jumla ni mistari 152.

Tuseme kila mstari unachukua dakika moja pamoja na kufunua ukurasa. Hizo ni saa mbili na nusu za kuandika maneno sita tu, tena na tena. Na kama mwezi wa tatu kamati ikihamisha kikao kutoka Jumatatu kwenda Alhamisi, itabidi kufuta na kuandika upya mpaka mwisho wa mwaka. Hapo ndipo makatibu wengi wanapoiacha dayari.

KADI INAYOHAMA

Dawa yake ni hii. Chukua karatasi ngumu ya manila, uikate iwe na urefu wa ukurasa wa dayari na upana wa vidole vitatu. Upande wa kwanza andika mambo ya kila wiki, kwa kufuata siku. Upande wa pili andika mambo ya kila mwezi, kwa kufuata tarehe. Kila jambo lipe namba: W1, W2 kwa ya wiki, M1, M2 kwa ya mwezi.

Ibane kadi kwenye ukurasa wa wiki hii kwa kibanio. Wiki ikiisha, ihamishe kwenye ukurasa unaofuata. Basi. Mistari 152 imekuwa mistari 6, na kila unapofungua dayari unaiona yote. Siku ya kikao ikibadilika, unabadilisha mstari mmoja kwenye kadi.

Wengine watauliza: tutajuaje kwamba jambo lilifanyika? Jibu ni kwamba ukurasa wa siku unaandikwa namba tu. "W1 ✓" maana yake kikao kilifanyika, na mengine yako katika kumbukumbu za kikao. Ikiwa hakikufanyika, hapo ndipo penye haja ya maneno: "W1 hapana, meneja alikataa chumba." Lililokwenda kama kawaida lipewe alama. Lililokwenda kombo lipewe maneno, maana ndilo mtakaloulizwa baadaye.

Kadi ikichakaa au ikibadilishwa, msiitupe. Ibandikeni nyuma ya dayari kwa gundi, mkiandika ilitumika tangu lini mpaka lini. La sivyo, mwaka kesho hakuna atakayejua W2 ilikuwa nini.

TAREHE 15 YA KILA MWEZI

Jambo moja la kila mwezi linastahili kuelezwa. Michango ya NSSF hapa Uganda ni asilimia 15 ya mshahara: asilimia 5 anakatwa mfanyakazi na asilimia 10 anatoa mwajiri. Mwajiri anatakiwa kuipeleka ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha. Mchango wa Machi, basi, uwe umefika kabla ya tarehe 15 Aprili kupita.

Kwa hiyo kwenye kadi yenu msiandike tarehe 15, andikeni 16: "Waulize wanachama watatu kama mchango umeingia." Siku hizi mwanachama anaweza kuiona akiba yake kwa simu. Tawi linalouliza kila tarehe 16 litagundua pengo la mwezi mmoja. Tawi lisilouliza hugundua pengo la miaka siku mzee anapostaafu.

WINO MWEKUNDU

Sasa yanayorudi yameondoka kwenye kurasa, na kurasa zimebaki wazi kwa yale yanayokuja mara moja tu. Haya ndiyo ya kuandikwa kwa wino mwekundu, na wino huo usitumike kwa jambo lingine lolote, hata kama ni sherehe ya Mei Mosi.

Tarehe kubwa kuliko zote ni hii. Kwa Sheria ya Ajira ya 2006, mfanyakazi anayeona ameachishwa kazi isivyo haki anapeleka lalamiko kwa Afisa wa Kazi ndani ya miezi mitatu tangu siku ya kuachishwa. Sheria inaruhusu kuchelewa ikiwa kuna sababu ya haki, lakini msiutegemee mlango huo, kwa sababu ni lazima mtu authibitishe ndipo aingie.

Hesabuni kwa uangalifu. Aliyeachishwa tarehe 3 Machi, miezi yake mitatu inafika tarehe 3 Juni. Hiyo ni Siku ya Mashahidi, ofisi zimefungwa. Aliyeachishwa tarehe 9 Machi anaangukia tarehe 9 Juni, Siku ya Mashujaa, nayo ni sikukuu. Kwa hiyo mwanzoni mwa mwaka, kabla ya yote, wekeni alama kwenye sikukuu zote za taifa ndani ya dayari. Halafu tarehe yoyote ya mwisho muirudishe nyuma kwa wiki mbili, na hiyo ndiyo iandikwe kwa wekundu.

Tarehe ya pili ni ya baada ya kupeleka lalamiko. Siku 90 zikipita Afisa wa Kazi hajatoa uamuzi, mlalamikaji anaweza kulipeleka shauri lake Mahakama ya Viwanda. Angalieni kwamba siku 90 siyo miezi mitatu. Lalamiko lililopokelewa tarehe 20 Aprili, siku zake 90 zinatimia tarehe 19 Julai, siyo 20. Siku moja inaweza kuonekana ndogo, lakini wakili wa mwajiri anajua kuihesabu.

UKURASA WA MASHAURI

Makatibu wengi huandika upya maelezo yote kila shauri linapotajwa: jina, idara, alianza lini, aliachishwa lini. Huko nako ni kunakili bure. Tengeni kurasa mbili za mwisho za dayari, mchore kwa rula safu saba: namba ya shauri, jina, siku ya kuachishwa, mwisho wa miezi mitatu, siku lalamiko lilipopokelewa, siku ya 90, na matokeo. Vichwa vya safu vinaandikwa mara moja. Kila shauri linapata mstari mmoja. Baada ya hapo, kwenye ukurasa wa siku andikeni "Shauri 4" tu, na anayetaka kujua zaidi atageukia nyuma.

Na ndani ya jalada la mbele bandikeni jedwali la notisi, ili msilitafute kila mara mtu anapokuja na barua. Kwa sheria hiyo ya 2006, kima cha chini ni hiki:

Kazi ya zaidi ya miezi 6, chini ya mwaka 1: wiki 2.
Mwaka 1 mpaka chini ya miaka 5: mwezi 1.
Miaka 5 mpaka chini ya miaka 10: miezi 2.
Miaka 10 na kuendelea: miezi 3.

Ongezeni mstari wa likizo: siku 7 za malipo kwa kila miezi 4 ya kazi mfululizo, yaani 21 kwa mwaka. Ikiwa mkataba wa pamoja wa kampuni yenu unatoa zaidi ya hapo, andikeni ule wa mkataba. Sheria ikibadilishwa, bandikeni jedwali jipya juu ya la zamani.

KWA NINI DAFTARI, NA SIMU TUNAZO

Vijana wetu wanasema simu inaweza kukumbusha yenyewe, tena kila wiki bila kuandikwa upya. Ni kweli, na mwenye simu aitumie. Lakini simu ni ya mtu, dayari ni ya tawi. Uchaguzi ukifanyika na katibu akabadilika, simu inaondoka naye mfukoni, na mashauri yote yanaondoka nayo. Simu huzimika moto, huibwa, huuzwa wakati wa shida. Dayari inakabidhiwa mbele ya kamati, na katibu mpya anaanza siku ile ile kwa sababu kadi imekwisha bandikwa.

Tena dayari ina faida nyingine. Mwenyekiti anaweza kuifungua bila ruhusa. Kazi ya tawi haitakiwi kukaa kichwani mwa mtu mmoja, hata kama ni hodari.

KAZI YA WIKI HII

Tunaomba kila kamati ifanye mambo matatu kabla ya kikao kijacho. Kwanza, kateni kadi na kuandika yanayorudi, pande zote mbili. Pili, chukueni mashauri yote yaliyo wazi, myaandike katika safu saba, na mhesabu tarehe zake mkiwa wawili: mmoja ahesabu, mwingine ahakikishe. Tatu, nunueni kalamu moja nyekundu, na mkubaliane nani anaishika.

Gharama yake ni ndogo kuliko nauli ya kwenda mjini. Mwanachama anayekatwa ada kila mwezi hawezi kuona jinsi katibu anavyoandika usiku kwa taa. Anachokiona ni kama lalamiko lake lilifika kwa wakati. Tuyapunguze maandishi yasiyo na faida, ili ile tarehe yake moja ionekane.

Umoja ni nguvu, na nguvu hiyo iwe na kumbukumbu.