Chagua Mkanda Unaofaa, Saa Kuukuu Isipotee

Katika nyumba nyingi za Kaunti ya Mombasa kuna saa ya mkono ya zamani. Nyingine ni urithi wa babu, nyingine ilinunuliwa kwa bei nafuu katika soko la Kongowea miongoni mwa bidhaa za mitumba. Mara nyingi mtambo wa saa bado ni mzima na kilichooza ni mkanda tu. Mwenye saa hununua mkanda wa kwanza anaouona, akaufunga na kuondoka. Usipomtosha vyema, saa inaweza kuchomoka ndani ya matatu au kwenye feri ya Likoni bila yeye kujua.

Saa iliyodumu zaidi ya miaka 50 hushikwa mkononi na pini mbili nyembamba tu. Kwa hivyo, kabla ya kuangalia rangi na bei ya mkanda, mnunuzi anafaa kujua saa yake inahitaji mkanda wa aina gani.

Itambue saa yenyewe

Hatua ya kwanza ni kugeuza saa na kusoma maandishi ya mgongoni. Kwa mfano, saa za Seiko za kuanzia miaka ya 1960 huwa na namba mbili za tarakimu nne zilizotenganishwa kwa kistari. Namba ya kwanza inataja mtambo, ya pili inataja umbo la kasha. Namba hii ya pili ndiyo inayomsaidia fundi kujua upana wa mkanda, kwa sababu mtambo mmoja huweza kuwekwa katika makasha ya aina nyingi.

Chini yake huwa na namba ya utengenezaji. Tarakimu yake ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, na ya pili ni mwezi. Oktoba huandikwa 0 au O, Novemba N na Desemba D. Namba inayoanza na 72 inaweza kuwa ya Februari 1967 au Februari 1977. Aina ya mtambo ndiyo itakayoonyesha ni mwaka upi.

Kisha chunguza vijipembe vinne vya kasha vinavyoushika mkanda, ambavyo hapa tutaviita masikio ya saa. Je, chuma kilicho kati ya masikio kinatoka, au kimechomelewa? Saa nyingi za miaka ya 1910 na 1920, na baadhi ya saa za jeshi la Uingereza, zina chuma kisichotoka. Mkanda wa kawaida wenye matundu ya pini hauingii hapo. Saa kama hiyo inahitaji mkanda unaopitishwa chini ya chuma, au ule ambao fundi wa ngozi ataushona baada ya kuupitisha. Asiruhusiwe mtu kukata chuma hicho ili mkanda uingie. Kikishakatwa, kukirudisha ni kazi ngumu na thamani ya saa hushuka.

Pima kwa milimita, si kwa macho

Upana wa mkanda ni nafasi iliyo kati ya masikio mawili, kwa ndani. Hupimwa kwa milimita, na rula ya mwanafunzi inatosha. Saa nyingi za kiume za zamani huchukua milimita 16 hadi 20. Za kike huwa nyembamba zaidi, nyingine chini ya milimita 12.

Mikanda inayopatikana kwa urahisi madukani ni ya milimita 18, 20 na 22. Shida huja saa inapohitaji 17 au 19. Ukilazimisha mkanda wa 20 katika nafasi ya 19, ngozi hujikunja na kuisukuma pini. Wa 18 utaingia, lakini utaacha pengo na kucheza huku na huku. Penye shaka, ni heri mkanda mwembamba kwa milimita moja kuliko mpana. Lililo bora zaidi ni kumpa fundi wa ngozi kipimo kamili autengeneze.

Unene pia una maana. Saa za zamani nyingi ni nyembamba, na mkanda mnene uliojazwa ndani husugua kasha na kuibana pini. Kwa saa kama hizo, mkanda wa ngozi mwembamba na laini ndio unaofaa.

Pini ndiyo inayobeba saa

Pini ya saa ina springi ndani, na ncha zake huingia katika vitundu vya masikio. Ikipata kutu, springi hukwama na ncha hazitokezi vya kutosha. Mkanda mpya juu ya pini mbovu hauna faida. Wakazi wanashauriwa kubadilisha pini zote mbili kila wanapobadilisha mkanda. Bei yake ni ndogo ikilinganishwa na saa yenyewe.

Pini ilingane na upana wa masikio, na ncha zake zilingane na vitundu. Ncha nyembamba katika kitundu kikubwa hucheza, na kadiri siku zinavyopita huendelea kukipanua. Mkanda ukishafungwa, uvute kwa upole pande zote mbili juu ya meza iliyotandikwa kitambaa. Pini ikichomoka, ni afadhali ichomokee hapo kuliko barabarani.

Ngozi, nailoni, mpira au cheni?

Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, na jasho halikauki upesi. Ngozi ya ng'ombe au mbuzi inapendeza kwenye saa ya zamani, lakini isivaliwe kuogelea wala kuoga. Baada ya kuivaa, ipanguswe na iachwe ipate hewa, isifungiwe kabatini ikiwa na jasho, kwani huota ukungu na kunuka.

Nailoni inafuliwa kwa sabuni na hukauka haraka. Kuna aina ya kipande kimoja kirefu kinachopita chini ya saa, inayojulikana sokoni kama NATO. Chimbuko lake ni mkanda ulioainishwa na Wizara ya Ulinzi ya Uingereza mwaka 1973. Faida yake ni kwamba pini moja ikikatika, saa hubaki ikining'inia kwenye ya pili. Kwa anayefanya kazi ya mikono au ya baharini, hilo ni jambo kubwa.

Mpira hauharibiwi na maji, lakini haugeuzi saa kuukuu kuwa ya kuzuia maji. Mipira midogo inayoziba mgongo na kitufe cha kutilia ufunguo hukauka kwa miaka. Hata kama saa imeandikwa kuwa haiingii maji, iepushwe nayo hadi fundi aikague.

Cheni ya chuma ni imara, ila iliyo nzito husaga masikio ya kasha jembamba, hasa lililopakwa dhahabu. Anayewashwa na ngozi baada ya kuvaa chuma huenda anadhuriwa na nikeli, na mkanda wa nailoni unaweza kumfaa zaidi.

Mkanda wa zamani usitupwe kabla ya kuangalia bizimu yake. Ikiwa ina nembo ya kampuni iliyotengeneza saa, ihamishiwe kwenye mkanda mpya, kwa kuwa wanunuzi wa saa za zamani huithamini.

Tahadhari kuhusu ngozi ya wanyamapori

Mikanda mingi inayoitwa ya mamba ni ngozi ya ng'ombe iliyopigwa chapa. Magamba ya chapa hulingana na kujirudia, ilhali ya mamba halisi hutofautiana moja kwa moja. Muuzaji akisisitiza kuwa ni mamba, kenge au chatu halisi, mnunuzi aombe kuona kibali. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, kumiliki au kuuza sehemu za wanyamapori bila kibali ni kosa. Ufafanuzi unapatikana katika afisi za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).

Haki za mnunuzi

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na maelezo anayohitaji ili anufaike nazo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nayo inamkataza muuzaji kutoa maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Haki hizi zinamhusu pia mnunuzi wa mkanda wa shilingi mia chache.

Kwa hivyo omba risiti iliyoandikwa aina ya mkanda, kwa mfano "ngozi ya ng'ombe, milimita 18", na uhifadhi ujumbe wa M-Pesa. Ukiuziwa plastiki kwa jina la ngozi, rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na ushahidi huo. Msipoelewana, peleka malalamiko kwa idara ya biashara ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti jukumu la kusimamia masoko, leseni za biashara na uadilifu katika biashara.