Nyimbo za "Awara" na Asili Yetu

Si jambo geni hapa Visiwani kuwakuta wazee wanne au watano, marafiki tangu utoto, wamekaa barazani baada ya sala ya Alasiri, kahawa ikizunguka, nao wanasikiliza nyimbo za filamu ya Kihindi iitwayo Awara. Kihindi hawakijui, lakini huziimba tangu mwanzo hadi mwisho, na mmoja akikosea neno wenziwe humrudi. Vijana wapitao hucheka. Wapo pia wenye dhamana ya utamaduni wanaouliza: je, huku si kukitukuza cha wageni na kukidharau chetu? Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Swali hilo ni zito na linastahili jibu.

Awara ilitolewa Bombay mwaka 1951. Aliyeiongoza ni Raj Kapoor, naye akaigiza humo pamoja na Nargis. Muziki waliutunga Shankar na Jaikishan, na maneno wakayatunga Shailendra na Hasrat Jaipuri. Sauti zisikikazo katika nyimbo si za waigizaji. Aliyemwimbia Raj ni Mukesh, na aliyemwimbia Nargis ni Lata Mangeshkar. Mukesh alifariki mwaka 1976 na Lata mwaka 2022, lakini sauti zao zingali barazani kwetu.

Kisa chake ni cha hakimu ashikiliaye kwamba mtoto wa mtu mwema huwa mwema, na mtoto wa mwizi huwa mwizi. Kwa shaka tu anamfukuza mkewe mja mzito, na mwanawe wa damu anakulia katika vibanda vya mafukara hata akawa mwizi. Wimbo mkuu wa filamu ni wa kijana huyo, asiye na kwao wala mali, naye anatembea njiani kwa bashasha. Watu waliokwisha kuonja kupimwa kwa nasaba na kabila hawakuhitaji mkalimani ili wafahamu maana yake.

Ama kuhusu ugeni, tuutazame wimbo wa ndotoni katika filamu hiyo, "Ghar Aaya Mera Pardesi". Mahadhi yake yalitokana na wimbo wa filamu ya Kimisri, Wedad, ya mwaka 1936. Na ni Misri hiyo hiyo iliyoilea taarab yetu katika uchanga wake. Basi mahadhi yalitoka Cairo, yakapita Bombay, yakatufikia sisi. Mwenye kuyakataa kwa sababu ya ugeni, hana budi aukatae na udi pamoja na ganuni.

Tena njia hiyo haikuwa ya kuja tu. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay, akarikodi nyimbo za Kiswahili katika santuri. Baadaye, huko Mombasa, Juma Bhalo aliyachukua mahadhi ya filamu za Kihindi akayavika mashairi ya Kiswahili safi, yenye vina, mizani na mafumbo. Mahadhi yaliazimwa, lakini hekima ilikuwa ya kwetu. Asili ya mtu wa visiwani ni pwani: hupokea, huchuja, kisha hutoa kilicho chake. Hajaiacha asili yake afanyaye hivyo.

Kwa hiyo, linalopasa kutuhofisha si kuazima, bali ni kusahau. Wazee wale wanajua ni wimbo gani wa taarab uliotokana na filamu gani, nani aliyeutunga shairi lake, na shairi lilimlenga nani. Mengi ya hayo hayajaandikwa popote. Kila jeneza linalotoka mtaani huenda likachukua sehemu yake.

Tunawanasihi wahusika wa utamaduni na wa redio wasingoje maadhimisho wala bajeti kubwa. Kinasa sauti kimoja, daftari moja na kijana mwenye adabu na subira vyatosha kwa kuanzia. Santuri zilizomo masandukuni zikusanywe kabla ya kuliwa na unyevu, na wenyewe wapewe nakala. Vijana nao, wanapoazima mahadhi, wamtaje waliyemwazima, kwani mwungwana hukiri deni lake.

Na wale wazee barazani waachwe waimbe. Aliye na wasaa aketi nao, aulize, aandike.