Masese: Baraza la mbao lisiegemee ukuta mkongwe

JINJA, Uganda – Mwenye nyumba kongwe Masese, kando ya Ziwa Victoria, anayetaka baraza la mbao uani aanze kwa kukagua ukuta. Boriti ikifungwa ukutani, maji ya mvua hukwama kwenye kiungio na mchwa hupata njia ya kuingia ndani. Ni salama zaidi baraza lisimame kwa nguzo zake juu ya zege, likiachiwa nafasi ndogo kati yake na ukuta.

Mvule huhimili mchwa lakini ni ghali. Mkaratusi na msonobari huhitaji dawa. Wafanyabiashara wa Kenya nao hununua mbao Uganda, hivyo mahitaji yao hugusa bei ya Jinja. Mwenye fedha kidogo aweke mvule karibu na ardhi, msonobari uliotiwa dawa juu.