Ridhaa na Amri ya Nne: Kufundisha Maadili ya Ndoa Sekondari

Frateri anayetumwa kufundisha dini katika shule za sekondari hukutana na mada ya ndoa mapema kuliko anavyotarajia. Unaingia Kidato cha Tatu na somo la sakramenti saba. Ukifika kwenye ndoa unataja umoja, kutovunjika na uzazi, kisha mkono unanyanyuka nyuma ya darasa: "Frateri, baba akishapokea mahari na mimi sitaki kuolewa, nikikataa nitakuwa nimevunja amri ya nne?"

Kwa maoni yangu swali hilo ndilo lingekuwa mlango wa somo zima. Mazoea yetu ni kuanza na orodha ya makosa: uzinzi, mitara, talaka, utoaji mimba. Wanafunzi wanaandika na kukariri, na kwenye mtihani wanapata alama. Lakini darasani humo mna mtoto aliyelelewa na mama peke yake, na mwingine ambaye mama yake ni mke wa pili. Wanachosikia ni kwamba nyumbani kwao kumehukumiwa, na kuanzia hapo hawasikii tena. Mafundisho ya Kanisa juu ya mambo hayo hayabadiliki, na yatafundishwa kwa zamu yake. Ninachosema ni kwamba ridhaa itangulie, maana bila ridhaa hayo mengine hayana pa kusimama.

Kanuni ya 1057 ya Sheria za Kanisa inafundisha kwamba kinachofanya ndoa ni ridhaa ya hao wawili, na kwamba hakuna mamlaka ya kibinadamu inayoweza kuitoa kwa niaba yao. Si baba, si mjomba, si padre. Padre anayesimama mbele ya maarusi anaiomba ridhaa yao na kuipokea kwa jina la Kanisa; yeye haiumbi. Ndiyo maana kabla ya kuipokea huwauliza kama wamekuja kwa hiari yao. Wanafunzi wengi wamelisikia swali hilo kwenye harusi za ndugu zao wakadhani ni sehemu tu ya sherehe. Waambie kwamba jibu la kweli likiwa "hapana", hakuna ndoa, hata kama ukumbi umelipiwa na kamati imekwisha kula vikao kumi.

Sasa amri ya nne. Mtakatifu Thomas wa Akwino, akizungumzia utii katika sehemu ya pili ya Summa Theologiae (swali la 104, kifungu cha 5), anaweka mpaka ulio wazi. Yapo mambo ambayo mtoto anapaswa kumtii mzazi, hasa mwenendo wake na shughuli za nyumbani. Lakini katika kufunga ndoa au kuishi useja, mtoto hafungwi na utii kwa wazazi, wala mtumwa kwa bwana wake. Hayo yaliandikwa katika karne ya 13. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento ulikataa fundisho la waliosema kwamba ndoa ya watoto bila idhini ya wazazi ni batili kwa sababu hiyo tu. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2230, inawataka wazazi wasiwashinikize watoto wao katika kuchagua kazi wala mwenzi wa ndoa, ingawa wanaweza kuwapa ushauri wa busara. Kwa hiyo jibu kwa yule mwanafunzi ni fupi: kukataa si dhambi. Namna ya kukataa ndiyo inayodaiwa heshima.

Hapo darasa hugawanyika. Mmoja atasema, "Lakini Frateri, dada yangu alisema ndiyo mwenyewe." Ni hoja nzito, na falsafa tunayosoma inapata kazi. Katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako, Aristotle anatoa mfano wa mabaharia wanaotupa mizigo baharini wakati wa dhoruba. Je, wameitupa kwa hiari? Mimi huihamishia meli hiyo Ziwa Victoria, ikitoka Bukoba kwenda Mwanza na magunia ya kahawa. Waache wabishane dakika kumi. Wengine watasema ni kwa hiari, kwa sababu mikono yao ndiyo iliyotupa. Wengine watasema hakuna mtu anayetupa kahawa yake kwa kupenda. Aristotle mwenyewe anaviita vitendo vya namna hiyo mchanganyiko, ingawa anaona vinaelekea zaidi upande wa hiari, kwa kuwa mtu amechagua wakati ule.

Ukiishia hapo, umemfunga yule dada: alichagua, basi ameolewa. Lakini Kanuni ya 1103 inasema kwamba ndoa ni batili ikifungwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa itokayo nje, ambayo mtu hawezi kuiepuka ila kwa kuchagua ndoa, hata kama aliyeisababisha hakukusudia kumlazimisha. Tofauti inatoka wapi? Nadhani inatoka kwenye swali linaloulizwa. Aristotle anataka kujua kama mtu anastahili lawama au sifa kwa alichotenda. Kanisa linauliza kama mtu amejitoa kweli kwa mwenzake. Gunia unaweza kulitupa kwa hofu na likazama sawasawa. Nafsi yako huwezi kumpa mtu kwa namna hiyo.

Na hofu si lazima iwe ya fimbo. Wanasheria wa Kanisa wanaitambua hofu ya heshima, yaani woga wa kumuudhi mzazi au mlezi ambaye maisha yako yako mikononi mwake. Ikiwa kubwa, nayo inaweza kubatilisha ndoa. Binti aliyeambiwa "ukikataa, mama yako atafungasha virago pamoja nawe" hajapigwa hata kofi moja.

Suala la mahari litajitokeza lenyewe. Tusiwe wepesi kuishambulia. Mahali pengi mahari ni shukrani kwa wazazi na ushahidi kwamba koo mbili zimefahamiana. Inaharibika pale ng'ombe wanapopokewa kabla binti hajaulizwa, au pale mke anayepigwa anapoambiwa avumilie kwa kuwa ng'ombe wamekwisha liwa na hakuna wa kurudisha. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yenyewe haihesabu mahari kuwa sharti la uhalali wa ndoa.

Sheria hiyohiyo iliandikwa ikiruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi. Mahakama Kuu mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, na baadaye Mahakama ya Rufani mwaka 2019, ziliona vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Na tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, kumwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kosa lenye kifungo cha miaka 30. Kanisa nalo, kwa Kanuni ya 1072, linawaagiza wachungaji kuwazuia vijana wasioane kabla ya umri uliozoeleka katika eneo lao.

Wavulana wasisahauliwe. Wao hucheka sana ikitajwa ndoa ya mkeka, mtu anafumaniwa jioni na usiku anafungishwa ndoa. Waulize kama yule kijana alikuwa na ridhaa. Waulize pia juu ya harusi ya haraka ya kuficha mimba. Kijana ana wajibu kwa mtoto wake, lakini wajibu huo si sawa na ridhaa ya ndoa, na ndoa ya kufunika aibu humwachia mtoto huyo wazazi wawili wasiotakana.

Mwisho, jambo la vitendo kwa mafrateri wenzangu. Ukifundisha hivi, mtu atakufuata baada ya kipindi na kusema kwa sauti ya chini kwamba posa yake imeshapelekwa. Usimwahidi siri. Wewe si padre, na alichokuambia hakina muhuri wa kitubio. Mwambie waziwazi kwamba utamshirikisha mtu mmoja anayeweza kusaidia, na umtaje: mwalimu wa malezi, mkuu wa shule au paroko. Usiende kwa baba yake peke yako. Kama tarehe imekaribia, lipo Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na namba 116 ya huduma kwa mtoto inapigwa bure. Iandike ubaoni mwanzo wa kipindi, pamoja na mada, ili anayeihitaji asilazimike kunyanyua mkono.