Jua, Vitamini D na Kifua Kikuu (Sehemu ya Pili): Mwenye Kikohozi Asitibiwe kwa Jua

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi kifua kikuu kinavyoambukizwa kwa hewa. Leo tuangalie dai linalosikika sana: kwamba mgonjwa akiota jua na kumeza vitamini D, mapafu yatapona.

Dai hilo lina asili ya kweli. Mwaka 2006 watafiti wa California walionyesha kwamba chembe za ulinzi zinazomeza vijidudu, zikimtambua adui, huibadilisha vitamini D kuwa katika hali inayofanya kazi, kisha hutengeneza kathelisidini, protini inayoua bakteria wa kifua kikuu. Vitamini ikipungua, silaha hiyo nayo hupungua.

Je, inaweza kupungua Nateete, kitongoji cha Kampala, Uganda, karibu kabisa na ikweta? Inaweza. Mtazame fundi cherehani anayefungua kibanda alfajiri, akashona chini ya bati hadi magharibi, kisha akapanda taksi kurudi nyumbani. Jua la saa sita humpita. Hata akikaa dirishani hapati kitu, kwa kuwa mionzi inayotengeneza vitamini D haipenyi kioo. Ngozi nyeusi nayo huhitaji muda mrefu zaidi juani. Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, wanaoshinda nje, walipopimwa walikuwa na wastani wa nanomoli 115 kwa lita ya damu, kiwango kizuri sana.

Lakini kuwa na upungufu ni jambo moja, na kuponywa kwa vidonge ni jambo jingine. Guinea-Bissau, wagonjwa wa kifua kikuu waliongezewa vitamini D juu ya dawa zao. Matokeo ya mwaka 2009 hayakuonyesha kwamba vifo vilipungua. Mongolia, watoto wa shule 8,851 walifuatiliwa kwa miaka 3. Matokeo yalipotolewa mwaka 2020, walioambukizwa walikuwa asilimia 3.6 kati ya waliopewa vitamini na asilimia 3.3 kati ya waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Sababu moja ni kwamba upungufu huo mara nyingine huletwa na ugonjwa wenyewe. Mgonjwa hukosa hamu ya kula na hujifungia ndani. Rifampisini, dawa kuu ya tiba, nayo huchochea ini kuivunja vitamini D haraka. Kwa hiyo kipimo cha chini hakithibitishi kwamba ndicho kilichoanzisha maradhi.

Kujinunulia vidonge vingi kuna hatari pia. Kifua kikuu chenyewe kinaweza kupandisha kalsiamu katika damu, na vitamini D ikizidi huongeza hatari hiyo na kuumiza figo.

Basi mukene (dagaa) wa soko la Nateete, mayai na matembezi ya juani viendelee, kwani ni afya. Ila ukikohoa kwa wiki 2 au zaidi, ukatokwa jasho usiku au ukakonda, nenda ukapime makohozi. Tiba ya kawaida ni miezi 6, na hutolewa bure katika vituo vya serikali. Wengi hupata nafuu mapema wakaacha dawa. Hapo ndipo bakteria sugu wanapozaliwa.

Sehemu ya tatu itahusu watoto wanaolala chumba kimoja na mgonjwa: nani apimwe, na nani apewe dawa ya kinga.